Baraza Ni Letu, na Mtaro Ni Wetu



Tumeombwa tuje tuseme nanyi juu ya kazi za kila siku za Baraza la Manispaa. Twajua wako waliosikia habari hiyo wakasema moyoni, "Basi leo hakuna jambo." Mtu hupenda kusikiliza habari za Bunge, za mataifa makubwa na za vita vya mbali. Habari za mtaro, za jaa la takataka na za ushuru wa soko huonekana ni maneno madogo. Sisi tumekuja kusema kinyume. Twasema kwamba anayeupima uhuru wake kwa bendera peke yake hajaupima sawasawa. Na aupime pia mlangoni kwake siku ya mvua kubwa ya masika: je, maji yanapita mtaroni, au yanaingia uvunguni mwa kitanda cha mtoto?

Tena tuna neno la pili, nalo ndilo tulilolijia. Baraza haliwi letu kwa sababu tu waliomo ni watu wetu. Linakuwa letu pale tunapokwenda kusikiliza, tunapouliza, tunapodai hesabu, na pale sisi wenyewe tunapotimiza wajibu wetu. Yote tutakayosema leo yanarudi hapo.

Mji wa mafungu matatu

Vijana wetu wengi hawajui vitongoji hivi vilizaliwaje. Katika utawala wa Mwingereza mji huu uligawanywa mafungu 3. Fungu la kwanza lilikuwa la Wazungu, kandokando ya bahari mpaka Oyster Bay. La pili lilikuwa la biashara, walikokaa Wahindi wengi. La tatu lilikuwa la Mwafrika, Kariakoo na kisha Ilala, na kati ya fungu hilo na lile la pili paliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walizidi, Kariakoo na Ilala zikafurika, ndipo serikali ya kikoloni ikafungua vitongoji vipya vya Waafrika: Temeke, Magomeni na Kinondoni. Mwaka 1949 mji ukafanywa Manispaa, lakini sauti ya mwenye kibanda cha udongo huku kwetu haikufika mbali.

Wale waliokusanyika Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 wakaunda TANU hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Walikuwa wakikanyaga tope lile lile. Mwaka 1960 mji ulipata Meya wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, Manispaa ikawa Jiji.

Sheikh Amri ndiye aliyeandika kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Tazameni lugha yetu ilivyo: diwani ni kitabu cha mashairi, na diwani ni mjumbe wa Baraza. Shairi likipungua mizani moja, wasikilizaji hunong'onezana hapo hapo. Sasa twaulizana, ndugu zetu: hesabu ya Baraza ikipungua, nani miongoni mwetu husikia?

Miaka tuliyokaa bila Baraza

Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Nia yake ilikuwa kuwasogeza wataalamu na fedha karibu na watu. Lakini katika mpango huo mabaraza ya wilaya yalifutwa, na ya miji yakafuata. Ilipofika 1974, Jiji letu halikuwa na Baraza. Kazi zilishikwa na maofisa wa mkoa na wa wilaya. Huenda ofisa alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, ila hakuchaguliwa na mtaa wowote. Mtaro ukiziba, hapakuwa na diwani wa kugongewa mlango usiku.

Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia nchini, na mwaka 1978 kikaendelea kuua. Hatusemi kwamba kufutwa kwa mabaraza ndiko kulikoleta ugonjwa, maana wakati ule kilikuwa kikizunguka dunia. Twasema kwamba kilitukuta hali mitaro, vyoo na takataka havina mwenyewe. Serikali yenyewe iliona. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria kubwa mbili: Namba 7 ya mamlaka za wilaya, na Namba 8 ya mamlaka za miji. Hii Namba 8 ndiyo inayotuhusu sisi.

Lakini hata Baraza lililorudi halikukaa kwa amani. Mwaka 1996 serikali ililivunja Baraza la Jiji ikaweka Tume, na Tume hiyo ikaongoza mpaka mwaka 2000, zilipoanza Manispaa 3 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ikatoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa, na Ilala ndiyo iliyopandishwa kuwa Jiji.

Basi mtu aliyezaliwa Temeke mwaka 1970 ameona Baraza likifutwa, likirudishwa, likivunjwa na likigawanywa, na kila mara uamuzi ulitoka juu. Wakazi tulilitetea mara ngapi? Tulilikemea mara ngapi mapema, kabla halijaoza mpaka kuvunjwa? Kitu ambacho wenyewe hawakiulizii, wengine hukiamulia.

Agosti 2015 kipindupindu kilirudi. Kilianza hapa hapa Kinondoni, kikaenea mikoa mingine. Tarehe 9 Desemba ya mwaka huo, miaka 54 baada ya bendera kupandishwa, gwaride la Uhuru halikufanyika. Rais Magufuli aliagiza siku ile iwe ya usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengewa sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Yalisemwa mengi juu ya uamuzi ule, ya kusifu na ya kulaumu. Sisi tunalokumbuka ni hili: sikukuu ya Uhuru, na ufagio mkononi. Hakuna hotuba ingalieleza vizuri zaidi maana ya Uhuru na Kazi.

Njia ya shauri la mtaro

Sasa tuseme kazi yenyewe inavyokwenda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Umati huo hauwezi kuingia ofisi moja kwa pamoja. Ndiyo maana ikawekwa ngazi.

Shauri huanza mtaani. Mwenyekiti wa mtaa na kamati yake huchaguliwa na wakazi, kama tulivyofanya tarehe 27 Novemba 2024. Mkutano wa wakazi wote wa mtaa hutakiwa kuitishwa kila miezi 2. Shauri likikubaliwa hapo, liandikwe katika muhtasari. Lisiloandikwa limekufa. Kutoka mtaani huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Kutoka kata huenda Manispaa, kwa wataalamu na kwenye kamati za kudumu: Fedha na Utawala, Mipango Miji na Mazingira, Uchumi, Afya na Elimu. Mwisho hufika mbele ya Baraza zima, ambalo hukaa kila miezi 3, Meya akiwa kitini na Mkurugenzi akiwa katibu.

Meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Ishikeni tofauti hii. Diwani mnaweza kumwondoa kwa kura. Mkurugenzi hamna kura juu yake, lakini diwani wenu anaweza kumsimamisha kwa swali, na swali hilo ni ninyi mnaompa. Diwani asiyepewa swali na watu wake huingia kikaoni mikono mitupu, akatoka vivyo hivyo.

Tena mkutano wa Baraza zima uko wazi. Mwananchi hana ruhusa ya kuchangia, lakini ana haki ya kukaa na kusikiliza. Viti vya wasikilizaji vipo. Wenye kuvikalia ndio haba.

Na tujue majira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupikwa miezi mingi nyuma yake. Mtaa unaoleta shauri lake mwezi wa Mei, maji yakiwa yamekwisha jaa ndani, umekuta chungu kimeshaepuliwa. Mtaa wenye akili husema mtaro wake wakati wa vuli, wakati wengine wanajadili mpira.

Fedha zatoka wapi, zaenda wapi

Wako wasemao, "Sisi hatulipi kitu, tutauliza nini?" Hilo si kweli. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Lakini mama anayeuza nyanya soko la Tandika au Tandale hulipa ushuru. Mwenye duka hulipa leseni. Kampuni hulipa ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo yake, na mnunuzi ndiye anayebeba mzigo huo mwishoni. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa katika umeme wa LUKU. Kwa hiyo hata mpangaji wa chumba kimoja, asiye na tofali lake duniani, huichangia kila anaponunua umeme. Basi sote tumelipa, na aliyelipa ana haki ya kuuliza.

Sheria inataka Manispaa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa ilionekana fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine vilikuwa vya majina tu. Mwaka 2024 ikaanza tena kwa utaratibu mpya. Tuseme wazi: anayeunda kikundi cha hewa ili ale fedha hizi amemwibia mama lishe wa mtaa wa pili aliyekuwa na kikundi cha kweli. Hakuiibia "serikali." Amemwibia jirani.

Tena tujue lisilo la Baraza, tusije tukampigia kelele mtu asiyehusika. Barabara za mitaa tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ya bomba na maji taka ni ya DAWASA. Hili twalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, diwani asitwishwe lawama isiyo yake. Pili, diwani naye asijifiche nyuma yake. Mtaro ukiwa wa mwingine, kazi yake ni kumfuata huyo mwingine na kurudi na jibu. Neno "hilo si letu" si jibu mpaka liongezwe "tumekwisha mwandikia, na hivi ndivyo alivyosema."

Mifano miwili

Tuna mifano miwili ya hapa hapa mjini, na kila mmoja una funzo lake.

Wa kwanza ni Hanna Nassif, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Mahali pale palikuwa na nyumba zilizobanana, na mvua ikija maji hayakuwa na pa kupita. Katika miaka ya 1990 wakazi waliunda umoja wao, wakakubaliana na Jiji na wafadhili, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, na kazi ya kuchimba mitaro na kutengeneza njia ikafanywa na wakazi wenyewe kwa ujira, wanawake wakiwamo. Fedha ya kazi ilibaki mtaani, na ujuzi ukabaki mtaani. Funzo lake: wakazi walikwenda Jijini wakiwa na umoja wao tayari, nalo Jiji likapata mtu wa kukubaliana naye.

Wa pili ni Tabata, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu. Jaa la Jiji lilikuwa pale, likitoa moshi na harufu usiku na mchana. Wakazi walilalamika, hawakusikilizwa. Mwaka 1988 wakalishitaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Baraza likaomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Raia wa kawaida walilishinda Baraza lao kwa sheria, bila kurusha jiwe hata moja.

Lakini habari haiishii hapo. Takataka hazikutoweka kwa hukumu. Jaa lilihamia Vingunguti, baadaye likaja kwetu Mtoni, kisha likapelekwa Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa uliolikimbiza ulilisukuma mlangoni kwa mwingine. Hatuwalaumu wa Tabata. Walidai haki yao ya kuvuta hewa safi. Lakini yatupasa tuone kuwa haki ya mtaa mmoja haijatimia maadamu mtaa mwingine ndio unaoilipia. Ndiyo kazi ya Baraza zima: kukaa kata zote kwenye meza moja na kusema takataka zetu sote zitakwenda wapi. Tukimpeleka diwani wetu akapiganie kata yake tu na kuiangusha kata ya jirani, tumemtuma vibaya.

Makosa yetu wenyewe

Sasa tujisute kidogo, maana nyani haoni kundule.

Mvua kubwa ikinyesha usiku, nani hutapisha choo chake ili uchafu uchukuliwe na maji hadi kwa jirani wa bondeni? Si Mkurugenzi. Nani humpa kijana wa mkokoteni mia tano akatupe takataka "popote," naye popote pake ikawa mtaro ule ule? Si Meya. Nani aliyesogeza ukuta wake hatua mbili, mtaro ukawa ndani ya ua, na majirani wote wakaona, wakanyamaza kwa kuwa ni mtu mwenye uwezo? Tunamjua. Wakati mwingine yumo humu humu.

Mtaa mmoja huku kwetu, jina tuliache, uliitisha mkutano juu ya mtaro ulioziba. Tulikwenda. Walikuja watu hawatimii 30, wengi wao akina mama waliotoka kuosha vyombo. Wiki mbili baadaye mtu mmoja akafa msibani kwake pakaja watu mia tatu, wakakanyaga maji ya mtaro ule ule kuingia uani kumzika. Hatusemi msiende misibani. Kuzikana ni utu wetu. Twasema tu: watu wanaojua kukusanyika kiasi kile kwa ajili ya maiti, wanashindwaje kukusanyika kwa ajili ya walio hai?

Tunayoomba

Hatukuja kuwaachia huzuni. Tumekuja na maombi machache, na hayahitaji mfadhili.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, kila nyumba itoe mtu mmoja. Usipoitishwa kwa miezi 2, watu watano waende ofisi ya serikali ya mtaa kwa adabu, wamwulize mwenyekiti kwa nini. Mapato na matumizi yasomwe, na yasiyoeleweka yasomwe mara ya pili. Hakuna aibu katika kuuliza. Anayetoza ushuru atoe risiti ya mashine, na asiyetoa risiti asipewe fedha. Kila kata ichague vijana wawili wanaojua kuandika upesi, wakae kwenye viti vya wasikilizaji Baraza linapokutana, warudi watusimulie diwani wetu alisema nini, na kama alinyamaza, watusimulie alivyonyamaza. Na kila mmoja wetu asafishe kipande cha mtaro kilicho mbele ya mlango wake kabla hajanyoosha kidole.

Wasio wanachama wa chama chetu nao twawaambia haya haya. Maji ya mvua hayaulizi kadi. Yakiingia, huingia nyumba zote.

Ndugu zetu, wazee waliudai mji huu ulipokuwa wa mafungu matatu, wakaupata. Mabaraza yamekuja na kwenda, lakini mtaro uko pale pale, unatungoja. Baraza litakalodumu ni lile lenye watu nyuma yake, na wenye watu hao ni sisi. Masika yako njiani.

Uhuru na Kazi!